Terili ya Lubumbashi inatufundisha nini juu ya bateri za motokari za umeme



Mwezi uliopita tulikuwa watu sita tumekaa inje ya duka moja hapa Lubumbashi, tunangoja umeme urudi. Mmoja wetu, finalisti wa metalurji, akatuambia anataka kuandika memwari yake juu ya kuchakata upya bateri za motokari za umeme. Maana yake ni kuzifungua zikisha kuchoka na kutoa tena kobalti, nikeli, litiamu na shaba iliyo ndani. Mwingine akamurudishia pale pale: "We ndugu, hiyo motokari ya umeme uliiona wapi? Hapa kwetu hata ya mafuta inatushinda. Utachakata bateri gani?" Tukacheka wote. Na mimi nilicheka.

Lakini nilipofika nyumbani maneno hayo yalinisumbua. Mimi nilisoma historia, sikusoma metalurji. Mutu wa historia akisikia swali kama lile, anajiuliza kwanza kama jambo lenyewe lilishapita. Nikaona kwamba lilishapita hapa hapa Katanga, tena tunaliona kila siku kwa macho, kwa sababu ni kilima kizima. Leo nataka kumujibu yule ndugu aliyetuchekesha, na pia kumuomba finalisti wetu asibadilishe memwari yake.

1. Kobalti haiishi

Tuanze na kitu kidogo cha kemia, kwa sababu bila hicho historia haitaeleweka. Mafuta ukiyachoma, yamekwisha. Yanakuwa moshi, huwezi kuyakusanya tena. Kobalti ya ndani ya bateri haiko hivyo. Bateri ikichoka, kobalti iko paka pale pale, kilo ile ile iliyoingia siku ya kwanza. Kinachochoka ni namna vitu vilivyopangwa ndani: litiamu nyingine inashikwa isiweze kutembea, kuta za ndani zinapasuka kidogo kidogo, na bateri inaanza kubeba umeme kidogo kuliko zamani.

Ndiyo maana bateri ya motokari ina maisha zaidi ya moja. Watu wa motokari mara nyingi wanahesabu kwamba imezeeka ikibakia na asilimia 70 au 80 ya nguvu yake, kwa sababu mwenye gari anataka kufika mbali. Kwa kuwasha taa za nyumba au kulinda friji ya hospitali, asilimia 70 inatosha kabisa. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuitumia tena vile ilivyo, katika kazi nyepesi. Ya pili, ikiwa imechoka kabisa, ni kuivunja na kutoa metali zake. Njia hizi mbili zinafuatana, moja haiui nyingine.

Sasa shika neno hili, maana nitalirudilia: kobalti inafanya kazi mara nyingi. Sisi tunaoichimba tunalipwa mara moja.

2. Kilima cheusi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwezi wa Juni 1911 tanuru la Lubumbashi lilimimina shaba yake ya kwanza, na mji wetu ukakua kando ya tanuru hilo. Kila siku jiwe liliingia, shaba ikatoka upande mmoja, na mabaki ya kuyeyusha yakatoka upande mwingine. Mabaki yakamwagwa kando ya kiwanda, mwaka juu ya mwaka, mpaka yakawa kile kilima cheusi tunachokiita terili. Sote tuliofika Lubumbashi tunakijua. Watu wengi wanakichukua kama alama ya mji, kama vile wengine wana mnara au sanamu.

Ndani ya mabaki yale kulikuwa kobalti, karibu asilimia 2, pamoja na shaba kidogo na zinki. Asilimia 2 inaonekana kidogo, lakini terili ilikuwa na zaidi ya tani milioni 10. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa miaka mingi kobalti ile ilikaa pale juu kwa mvua na jua, kwa sababu kuitoa kuligharimu kuliko bei yake.

Nkambo wangu alifanya kazi ku Likasi, mu kiwanda cha Shituru, upande wa elektrolisi. Nilipokuwa mutoto nilimuuliza kwa nini watu walifanya kilima kikubwa vile cha takataka. Akanijibu: "Mutoto, ile haiko takataka. Ile ni stoki, paka mwenye kuinunua njo hajafika." Wakati ule nilifikiri ni mzaha wa wazee.

Mwenye kuinunua alifika karibu na mwaka 2000. Gécamines, Groupe Forrest na kampuni moja ya Marekani, OM Group, walifanya pamoja kampuni ya kuchakata terili, iliyoitwa kwa kifupi STL. Wakajenga tanuru kubwa la umeme. Jiwe jeusi la wazee likaanza kuyeyushwa mara ya pili, likatoa mchanganyiko wa metali wenye kobalti na shaba. Mchanganyiko ule haukusafishwa hapa. Ulipakiwa ukaenda Kokkola, ku Finlandi, na kule ndiko ulikofanywa kobalti safi ya kuuzwa kwa bei ya juu.

Tukae hapo dakika moja. Jiwe lilikuwa letu, na hata takataka ilikuwa yetu. Ila ujuzi wa kumalizia kazi ulikuwa Ulaya Kaskazini, na faida ya mwisho ikafuata ujuzi.

Kolwezi nayo ina hadithi yake ya namna hii. Matope yaliyotoka mu kiwanda cha kusafisha madini tangu miaka ya 1950 yalirundikwa Kingamyambo na katika bonde la Musonoi. Tangu mwisho wa mwaka 2018, mradi wa Metalkol unayachakata upya na kutoa shaba na kobalti kwa maelfu ya tani. Kwa hiyo yule anayesema kuchakata upya ni mambo ya wazungu na motokari zao, aje Katanga. Sisi tunaishi juu ya takataka zinazochakatwa kwa zaidi ya miaka 20.

3. Mwaka 1978: mununuzi anajifunza

Hadithi ya pili ni ya Kolwezi, na inauma zaidi.

Katikati ya miaka ya 1970 Zaire ilitoa karibu nusu au zaidi ya kobalti ya dunia. Wakati ule hakuna aliyefikiria bateri ya motokari. Kobalti iliingia katika injini za ndege, katika vyuma vya kukata vyuma vingine, na katika sumaku. Sumaku nyingi nzuri za redio na za mashine zilikuwa na kobalti ndani.

Tarehe 13 Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Siku chache baadaye askari wa Ufaransa wakaruka na parashuti. Wazee wetu wanajua vizuri kuliko mimi ni nini kilichotokea katika siku zile, na wengine hawapendi kuisimulia. Mafundi wa kigeni wakakimbia, migodi ikasimama kwa muda. Dunia ikaogopa. Bei rasmi ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa libra mwanzoni mwa 1978, ikafika dola 25 mwaka 1979. Sokoni, wale waliotaka haraka walilipa zaidi.

Mutu anaweza kusema: vizuri, bei imepanda, Zaire ikatajirika. Kwa muda mfupi ndiyo. Lakini angalia wanunuzi walifanya nini. Watengenezaji wa sumaku walikimbilia feriti, ambayo haihitaji kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani, kila mmoja kwa njia yake, wakagundua sumaku mpya ya neodimi, chuma na boroni. Ilikuwa na nguvu kupita zile za zamani, na haihitaji kobalti. Wenye viwanda vya injini za ndege wakaanza kukusanya kwa uangalifu vipande na mabaki ya chuma chao, kwa sababu sasa vilikuwa na bei. Soko la sumaku ambalo kobalti ilipoteza wakati ule, kubwa lake halikurudi tena.

Somo lake ni hili. Mununuzi aliyeogopeshwa hakai akilia. Anajifunza vitu viwili: kufanya bila wewe, na kuokota kile alichokuwa anatupa. Na akisha kujifunza, hasahau hata bei ikishuka.

Kuna jambo lingine la miaka ile ile. Mwaka 1980, ku chuo kikuu cha Oxford, kundi la John Goodenough lilionyesha kwamba oksidi ya litiamu na kobalti inaweza kuwa upande mmoja wa bateri yenye nguvu. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza bateri za namna hiyo. Yaani kobalti ilipokuwa inafukuzwa kwenye sumaku, ilikuwa inafunguliwa mlango mwingine mkubwa zaidi. Goodenough alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino.

Na sisi tulikuwa wapi mwaka 1991? Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulianguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mlango wa bateri ulifunguka wakati mikono yetu ilikuwa imefungwa. Baadaye ikaja Code minier ya 2002, makampuni ya inje yakaingia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka Gécamines kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Watoto wao wengi ndio walioingia kwenye mashimo na piki na mifuko. Mimi nina wenzangu wa shule ya msingi waliolipiwa masomo na pesa ya mashimo hayo, kwa hiyo siwezi kuyasema vibaya kwa wepesi.

4. Dunia inafanya nini sasa

Turudi kwenye bateri. Nissan ilitoa Leaf yake mwishoni mwa 2010, na mwaka ule ule Nissan na Sumitomo wakaanzisha kampuni inayoitwa 4R Energy, kazi yake ni kutafutia bateri zilizochoka kazi ya pili. Sikia vizuri: walianza kufikiria mwisho wa bateri mwaka ule ule walioanza kuiuza. Mwaka 2018 walifungua kiwanda Namie, mu jimbo la Fukushima, cha kupima bateri za zamani na kuzipanga: nzuri zinarudi kwenye magari, za katikati zinaenda kwenye mashine ndogo, dhaifu zinaweka akiba ya umeme. Mwaka huo huo uwanja wa mpira wa Amsterdam, Johan Cruijff ArenA, ulifunga akiba ya umeme ya megawati 3, iliyotengenezwa kwa bateri sawa na za Leaf 148, zingine mpya, zingine zilizokwisha kutumika.

Kwa njia ya kuvunja na kutoa metali, kuna jina ambalo lazima tulijue. Mwaka 2011, ku Hoboken karibu na Antwerp, Ubelgiji, kampuni ya Umicore ilifungua tanuru la kuchakata bateri, lenye uwezo wa tani 7,000 kwa mwaka. Umicore ni nani? Ni Union Minière. Ilibadilisha jina mwaka 2001. Na Hoboken ni mahali gani? Ni pale ambapo shaba ya Katanga ilikuwa inapelekwa kusafishwa tangu wakati wa ukoloni. Baada ya taifa letu kuchukua migodi tarehe 1 Januari 1967, wale waliobaki Ulaya walibaki na viwanda na ujuzi bila mgodi. Polepole wakatafuta mgodi mwingine, wakaupata katika vitu vilivyotupwa: simu za zamani, kompyuta, bateri. Leo kobalti iliyotoka Kolwezi miaka mingi iliyopita inaweza kuchimbwa mara ya pili ku Hoboken, bila shimo, na bila senti moja kurudi Kolwezi.

Mimi siwalaumu kwa hilo. Walifanya kile ambacho nkambo alisema: waliona stoki pale ambapo wengine waliona takataka. Tena mwaka 2024 Umicore hiyo hiyo ilifanya mapatano na STL, ambayo sasa ni ya Gécamines, juu ya jerimaniamu inayotolewa katika terili ya Lubumbashi. Baada ya zaidi ya miaka 50, mjukuu wa Union Minière amerudi kwenye kilima cha babu yake. Safari hii terili iko mikononi mwa Gécamines, na kiwanda cha kuichakata kiko hapa. Hiyo ni tofauti kubwa na ile safari ya Kokkola, tuiseme pia.

Wachina nao hawalali. CATL, mtengenezaji mkubwa wa bateri kuliko wote duniani, ina kampuni yake ya kuchakata inayoitwa Brunp. Mwaka 2021 kundi hilo hilo lilinunua robo ya mgodi wa Kisanfu, hapa kwetu mu Lualaba. Kwa hiyo mwenye kuchimba, mwenye kutengeneza na mwenye kuokota ni mutu mmoja. Kobalti ikitoka Kisanfu inaweza kuzunguka katika nyumba yake miaka yote.

Halafu kuna sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya bateri mwaka 2023. Kuanzia 2031, bateri mpya ya motokari inayouzwa kule itapaswa kuwa na angalau asilimia 16 ya kobalti iliyochakatwa upya, na kuanzia 2036 asilimia 26. Soma namba hizo kwa macho ya mutu wa Katanga. Ni sehemu ya soko ambayo imeisha kuwekwa pembeni kwa kobalti isiyotoka moja kwa moja katika mgodi. Na ukiongeza bateri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti wala nikeli, ambazo mwaka 2024 zilikaribia nusu ya soko lote la bateri za motokari duniani, utaona somo la 1978 linarudi na nguo mpya.

5. Ujuzi tunao

Hapa ndipo nilipomuelewa finalisti wetu. Kuna njia kubwa mbili za kutoa metali katika bateri iliyokufa. Njia ya moto inayeyusha bateri nzima mu tanuru: kobalti, nikeli na shaba zinashuka pamoja, lakini litiamu inapotelea katika mabaki ya kuyeyusha. Njia ya maji inaanza kwa kusaga bateri mpaka kupata unga mweusi. Unga huo unayeyushwa na asidi sulfuriki, kisha metali zinatenganishwa moja moja.

Nilimuuliza kama hiyo njia ya maji ni mpya. Akanitazama kama mutu aliyeuliza kama ugali ni mpya. "Yaya, hiyo njo kazi ya Shituru. Asidi, maji, elektrolisi. Nkambo wako alifanya nini basi?"

Ni kweli. Shituru ilianza kutumia asidi na elektrolisi mwaka 1929. Luilu, karibu na Kolwezi, ilianza mwaka 1960. Tena akanifafanulia kitu ambacho sikukijua: jiwe letu jeusi la kobalti, heterojeniti, halitaki kuyeyuka vizuri na asidi peke yake. Lazima uongeze kitu cha kulishusha nguvu, kama gesi ya sulfuri. Na unga mweusi wa bateri una tabia ile ile, kwa sababu kobalti yake iko katika hali ile ile ya kikemia. Kwa maneno mengine, mhandisi aliyejifunza kuyeyusha jiwe la Kolwezi ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi ya kuyeyusha bateri. Tangu mwaka 2022 chuo kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha Afrika cha utafiti wa bateri. Mlango upo. Kinachokosekana ni watu wa kuingia ndani yake na maswali ya kwetu.

Na kutumia tena, hiyo iko mu mikono ya watu wa kawaida tayari. Kwenye barabara yetu kuna fundi wa simu. Anakusanya bateri za kompyuta zilizokufa, anazifungua, anapima seli moja moja na mita yake ndogo. Zenye kufaa anaziunganisha, anatengeneza kisanduku cha kuwasha taa na kuchaji simu. Hakuna aliyemfundisha Namie wala Amsterdam. Lakini anafanya bila glavu, bila kifaa cha kulinda seli zisichajiwe kupita kipimo, na siku moja moja iliwaka moto mbele yake, ikatoa moshi mkali wa sumu. Yeye hajakosa akili. Amekosa mutu aliyesoma wa kukaa naye.

6. Mutego wa pande mbili

Sitaki kuwauzia ndoto. Kuna mambo mawili magumu.

Kwanza, bei. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Ikaongeza miezi mitatu, kisha kuanzia Oktoba 2025 ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Bei ilipanda. Nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia ina haki ya kukataa kuuza kwa bei ya bure, na mimi naunga mkono. Lakini mwanahistoria ndani yangu anakumbuka 1978. Kila bei ikipanda, kiwanda cha kuchakata ku Ulaya au China kinapata faida zaidi, na mhandisi wa bateri isiyo na kobalti anapata pesa ya utafiti. Kupandisha bei bila kujenga ujuzi wa hapa ni kumulipia mshindani masomo yake.

Pili, takataka. Mutu anaweza kusema: basi tuagize bateri za zamani za Ulaya, tuzichakate Likasi. Polepole. Bateri iliyokufa ni takataka ya hatari, na mkataba wa Bamako wa 1991, ambao nchi yetu imeuingia, unakataza kuleta takataka za hatari Afrika kutoka inje ya bara. Ulitungwa kwa sababu meli zilikuwa zinamwaga sumu kwenye pwani zetu. Tusiubomoe kwa haraka ya pesa. Ila bateri za solari, za simu, za pikipiki za umeme zinazozidi kuingia katika nchi za jirani, hizo zitakufa hapa hapa Afrika, na kuna mutu atakayezikusanya. Akiwa hana ujuzi, atazichoma mu shimo nyuma ya nyumba.

7. Kwa hiyo, tufanye nini

Nirudi kwenye lile neno: tunalipwa mara moja. Tangu 2018 kobalti ni madini ya kimkakati katika sheria yetu, na kampuni inalipa asilimia 10 inapoiuza. Baada ya hapo kobalti ile inaweza kuzaliwa mara ya pili na ya tatu, na jina la Kongo halimo tena kwenye karatasi. Sidhani kama tutapata siku moja kodi juu ya kobalti iliyo ndani ya gari la mutu wa Oslo. Lakini kuna vitu tunavyoweza kuviomba wakati bado wanatuhitaji, na wakati huo una mwisho.

Ninyi mulio katika sheria: someni mikataba, muulize kama ina kifungu juu ya kurudisha ujuzi wa kuchakata. Ninyi wa kemia na metalurji: chukueni unga mweusi kama mada ya memwari, musingoje motokari za umeme zijae barabarani. Ninyi wa umeme: nendeni kwa fundi wa barabara yenu, mumufundishe kulinda seli, naye atawafundisha kuzifungua. Ninyi wa historia kama mimi: tuandike maneno ya wazee wa Shituru, Luilu na Lubumbashi kabla hawajaenda. Wanajua mambo ya asidi na ya mabaki ambayo hayako kitabuni.

Wiki iliyopita tulikutana tena sisi sita. Yule ndugu aliyetuchekesha alikuwa amebeba bateri ya kompyuta yake, imekufa, mu mfuko wa plastiki. Alitaka kuitupa. Finalisti akamuambia: "Leta hapa, hiyo ni memwari yangu." Safari hii tulicheka pia, lakini alimupa.

Nyumbani kwenu, bateri zilizokufa munazipeleka wapi? Andikeni hapo chini, mutaje na mji wenu. Finalisti wetu anahitaji majibu hayo, na mimi pia.